Mwalimu wa maigizo apewe vipindi, asikumbukwe kwa ajili ya wageni tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie kundi la walimu ambao katika mikoa yetu ya Mtwara na Lindi hukumbukwa pale tu shule inapotarajia ugeni. Mbio za Mwenge zikikaribia, au mkuu wa wilaya akitazamiwa kuja kuzindua maabara, au mahafali ya kidato cha nne yakiwa yamebakiza siku chache, mkuu wa shule humwita mwalimu mmoja, mara nyingi wa Kiswahili, akamtaka aandae igizo fupi lenye ujumbe. Mwalimu huyo huwakusanya wanafunzi jioni, huwatungia maneno, huwaazimia kanga na kofia kwa majirani, huwafundisha kusimama na kusema, na siku ikishapita hurudi kwenye vipindi vyake vya kawaida bila hata mstari mmoja katika kumbukumbu za shule unaoonesha kwamba kuna kitu alifundisha. Hoja yangu ni moja: kufundisha maigizo katika shule ya sekondari ni kazi kamili ya ualimu, na anayeifanya apewe muda ndani ya ratiba, vipindi hivyo vihesabiwe katika mzigo wake wa kazi, na apewe mwenzake wa kusaidiana naye.

Naandika nikiwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili na babu wa mwanafunzi wa kidato cha tatu, kwa hiyo suala hili nalitazama kutoka pande zote mbili za meza ya walimu.

Watu wengi, wakiwamo baadhi ya walimu wenzangu wa zamani, huamini kwamba igizo hujiendesha lenyewe: watoto wana vipaji, wapewe mada, watacheza. Wanaosema hivyo hawajawahi kukaa katika mazoezi tangu mwanzo hadi mwisho. Mwanafunzi anayetakiwa kusikika na watu mia kadhaa katika uwanja wa shule, pasipo kipaza sauti, upepo wa kusi ukivuma kutoka baharini na kuyapeperusha maneno upande usio na watu, hana budi kufundishwa kuvuta pumzi, kuitunza na kuitoa kidogo kidogo hadi sentensi iishe, la sivyo silabi za mwisho humezwa na hadhira hubaki na nusu ya maana. Hana budi kufundishwa kutoipa hadhira mgongo, kujua anaingilia upande upi na anatokea upi, kumsikiliza mwenzake anaposema badala ya kusubiri tu zamu yake ifike, na, jambo gumu kuliko yote, kusimama jukwaani bila neno lolote la kusema na bado akawa mtu yule yule aliyepewa kuwa. Hili la kunyamaza huchukua majuma. Kijana anayejua kupiga kelele za mlevi na kuwachekesha wenzake anaweza kupatikana katika kila darasa, lakini kijana anayeweza kuketi kwenye kigoda kama mama anayesubiri habari za mwanawe, hadhira ikamtazama yeye badala ya mlevi, hawezi kupatikana bila mwalimu.

Kazi yenyewe huanza kabla ya mazoezi. Mwalimu husoma tamthilia nzima, huamua ni sehemu zipi zinazoweza kuchezwa na watoto wa umri ule kwa muda uliopo, hukata palipo parefu bila kuvunja mtiririko wa visa, kisha hugawa nafasi. Ugawaji wa nafasi ni mtihani wa busara ambao haufundishwi popote katika vyuo vyetu vya ualimu. Ukimpa msichana nafasi ya mhudumu wa baa, huenda mzazi wake akafika ofisini kwa mkuu wa shule kesho yake akiuliza mwanawe anafundishwa nini. Ukimpa kijana mpole nafasi ya katili, utalazimika kumtazama asije akabandikwa jina hilo mabwenini kwa mwaka mzima. Ukiwachagua kila mara wale wale wachangamfu wanaoongoza darasani, utakuwa umewafundisha waliokwisha kujua na kuwaacha waliohitaji kufundishwa. Halafu wako wasiotaka kuonekana kabisa, nao wana kazi zao za lazima: kutunza maleba, yaani mavazi ya igizo, kuandika orodha ya vifaa vya jukwaani na kuhakikisha kila kimoja kipo mahali pake, kushika mswada pembeni na kumkumbusha aliyesahau, kupiga ngoma kwa wakati unaotakiwa. Mtoto aliyeshika mswada akichelewa, igizo zima hukwama, na kila mtu hulijua hilo papo hapo. Sijui adhabu yoyote ya mwalimu wa zamu inayofundisha kuwahi kwa namna hiyo.

Faida ya kitaaluma ipo wazi kwa yeyote aliyewahi kusahihisha majibu ya fasihi. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne wanatakiwa kusoma tamthilia kama sehemu ya somo la Kiswahili, lakini wengi wao hawazisomi; wanasoma vijitabu vya uchambuzi vinavyowaambia dhamira ni zipi, wahusika wana sifa gani na ujumbe ni upi, na siku ya mtihani wanayamwaga yale yale kwa maneno yale yale. Tamthilia haikuandikwa ili isomwe kama risala. Mwalimu akiwasimamisha wanafunzi sita mbele ya darasa na kuwataka wacheze onesho moja, hata kwa dakika kumi na tano, mwanafunzi aliyecheza na aliyetazama watajua kwa nini mhusika alisema vile badala ya kukariri kwamba mhusika huyo ana tamaa. Nimeliona hilo kwa miaka mingi, na sijawahi kuhitaji kifaa chochote cha kisasa ili lifanikiwe.

Sisi wa kusini tuna sababu ya ziada ya kuona haya kwa kuuacha mchezo wa kuigiza ufe katika shule zetu. Ebrahim Hussein, mwandishi ambaye jina lake haliwezi kukosekana katika mazungumzo yoyote ya dhati kuhusu tamthilia ya Kiswahili, alizaliwa Kilwa mwaka 1943. Tamthilia yake ya Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969, inahusu Vita vya Majimaji, na vita hivyo vilianza Julai 1905 huko Nandete, katika vilima vya Umatumbi, ndani ya wilaya hiyo hiyo ya Kilwa, pale wananchi walipong'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilazimishwa kuilima. Mwandishi ni wa kwetu, tukio ni la kwetu, na vilima bado vipo. Hata hivyo, mwanafunzi wa Lindi anaweza kumaliza kidato cha nne akiwa amesoma Majimaji kama tarehe katika kitabu cha historia, bila kuwahi kusimama mahali pa mtu anayetakiwa kuamua kama ataamini dawa ya maji, iliyosemwa kuwakinga wapiganaji na risasi, au hataamini. Mwalimu wa Historia na mwalimu wa Kiswahili wakikaa pamoja kwa muhula mmoja, wanaweza kuwapa wanafunzi wao kitu ambacho mwenzao wa mkoa wa mbali atalazimika kusafiri ili akipate. Wazee wa Umatumbi waliosimuliwa habari hizo na wazazi na mababu zao wangeweza kualikwa shuleni, na wanafunzi wakaandika mchezo wao wenyewe kutokana na waliyoyasikia, jambo ambalo pia lingeondoa shaka ya haki za mwandishi na mchapishaji inayowatia hofu baadhi ya wakuu wa shule.

Nchi yetu haina haja ya kuanza upya. Baada ya Azimio la Arusha, ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza sana, zilichezwa katika shule nyingi, na kizazi changu kilijifunza kusema mbele za watu kwa njia hiyo. Mwaka 1996 Amandina Lihamba na Penina Mlama, ambaye wasomaji wa umri wangu wanamjua pia kwa jina la Penina Muhando, wote wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walianzisha mradi wa Tuseme katika shule chache za sekondari, na baadaye mradi huo ukaenea katika shule nyingine na hata katika nchi nyingine za Afrika. Utaratibu wake ulikuwa na akili nyingi: wasichana hutafuta wenyewe vikwazo vinavyowarudisha nyuma shuleni, wanavitungia mchezo, wanaucheza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao, kisha wote wanajadili na kukubaliana hatua za kuchukua. Mchezo hapo si pambo la sherehe. Ndiyo lugha ambayo mtoto anaitumia kumwambia mwalimu jambo ambalo asingethubutu kumwambia uso kwa uso. Klabu za Tuseme bado zipo katika shule mbalimbali, lakini mlezi wake mara nyingi ni mwalimu aliyeongezewa jukumu juu ya majukumu, na akihamishwa, klabu humfuata au hufa.

Nikiri kwamba sina mapenzi makubwa na aina ya igizo lililotawala shule zetu kwa miaka hii. Kila moja lina baba mlevi, mama anayelia, binti anayekatishwa masomo na bwana shamba au mfanyabiashara mwenye fedha za korosho, na mwishoni anatokea afisa mmoja mwenye miwani anayewahutubia wote kuhusu umuhimu wa elimu, kisha wote wanaimba. Matatizo hayo ni ya kweli katika mikoa yetu, wala sisemi yasizungumzwe. Ninachosema ni kwamba igizo linaloandikwa kwa siku tatu kwa ajili ya mgeni rasmi haliwezi kuwa kitu kingine isipokuwa hotuba iliyogawanywa kwa watu watano. Mwalimu mwenye muda angewauliza wanafunzi wake: huyu baba alianzaje kunywa, na kwa nini mama hakuondoka? Maswali hayo mawili yangetosha kubadilisha mchezo mzima, na yangewafundisha watoto kufikiri juu ya watu wanaoishi nao.

Kuna walimu wa maonesho ambao hawajawahi kushika chaki na ambao wamezizunguka shule zetu pande zote. Newala, Tandahimba na Mtwara vijijini wako mafundi wa mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, ambao wanajua mambo yanayofundishwa katika vyuo vikubwa vya sanaa. Mchezaji wa lipiko huvaa kinyago cha mti mwepesi kilichofunika kichwa chote, huona kupitia mdomo wa kinyago hicho, mwili wake umefunikwa ili asitambulike, na hana budi kumfanya mtazamaji aamini kwa mabega, kiuno na miguu tu kwamba anayemwona ni mzee, ni mwanamke, ni mgeni au ni shetani. Mwanafunzi aliyezoea kuigiza kwa kupiga kelele akipewa juma moja na mtu wa aina hiyo, atajifunza kwamba mwili nao husema. Manyakanga nao, yaani wanaowafunda wari katika unyago, hufundisha kwa nyimbo na vijimchezo vifupi ambavyo wanaovipitia hawavisahau maisha yao yote. Siombi mambo ya jando na unyago yaletwe shuleni. Yana mahali pake, yana miiko yake, na tayari kuna malalamiko ya haki kuhusu watoto wanaochukuliwa katikati ya muhula. Ninaomba ufundi wa kuonesha uheshimiwe, na mafundi wake waitwe shuleni kwa saa zinazojulikana na wapewe posho badala ya soda. Mtwara imewahi kuwa na tamasha la MaKuYa, ambalo jina lake linawakutanisha Wamakonde, Wamakua na Wayao, na waliolihudhuria wanajua kwamba upungufu wetu hauko katika wasanii.

Upungufu uko katika saa. Katika shule nyingi za kutwa masomo huisha alasiri, hufuata usafi, kisha vipindi vya ziada kwa wanaojiandaa na mitihani, na mwalimu anayetaka kufanya mazoezi ya igizo huanza wakati ambao watoto wana njaa na wengine wana safari ndefu ya kurudi nyumbani kwa miguu. Kwetu, mwezi wa Juni, magharibi huingia karibu saa kumi na mbili. Wako wanafunzi wanaotakiwa madrasa, wako wanaosubiriwa na wadogo zao, na wako wasichana ambao wazazi wao, kwa haki kabisa, hawataki wapite njia ya mikorosho giza likiwa limeingia. Matokeo yake ni kwamba mazoezi huhudhuriwa na wavulana wanaokaa jirani na shule, wasichana hujitoa mmoja mmoja, na mwalimu huishia kumvalisha mvulana kanga ili awe mama. Hadhira hucheka, na kicheko hicho huua igizo zima.

Dawa yake inajulikana. Shule itenge vipindi viwili vilivyofuatana, mara moja kwa wiki, ndani ya saa za masomo, na vipindi hivyo viingizwe katika hesabu ya mwalimu kama vinavyoingizwa vya Jiografia. Mwalimu mwenye vipindi ishirini na vinne hawezi kuongezewa viwili juu yake, apunguziwe viwili. Na walimu wawe wawili, mwanamume na mwanamke. Nalisisitiza hili kwa sababu mazoezi ya maigizo humweka mtu mzima karibu na vijana kwa muda mrefu, katika kazi inayohusu mwili, mavazi na hisia, na si busara kumwachia mtu mmoja hata kama ni mwadilifu kiasi gani. Walimu wawili hulindana na hulinda watoto. Isitoshe, kazi yenyewe inawahitaji wawili: mmoja akiongoza wachezaji mbele, mwingine anafanya kazi na wa maleba, wa ngoma na wa vifaa, na mmoja akihamishwa, mwingine anabaki na kumbukumbu.

Mtwara ilikuwa mwenyeji wa mashindano ya kitaifa ya UMISSETA, yaani michezo ya shule za sekondari, mwaka 2019 na tena mwaka 2021, na sisi wakazi tuliona jinsi wanamichezo walivyofika na walimu wao, kila timu na msimamizi wake, na hakuna aliyeuliza kwa nini mwalimu wa mpira wa wavu hayupo darasani siku hizo. Nafurahia jambo hilo. Mwalimu wa maigizo naye asingepaswa kuomba ruhusa kwa kujificha.

Majirani zetu wa Kenya wana mashindano ya kitaifa ya michezo ya kuigiza ya shule tangu mwaka 1959, na walimu wa kule huandika, huongoza na husafiri na wanafunzi wao kutoka ngazi moja hadi nyingine. Marekani, ambako chama cha heshima cha wanafunzi waigizaji wa shule za sekondari kipo tangu mwaka 1929, shule nyingi zina mwalimu ambaye somo lake ni hilo, na kuanzia mwaka 2015 tuzo za Tony, zile zinazotolewa kwa michezo ya Broadway jijini New York, zimekuwa zikimtunuku mwalimu mmoja wa sanaa za maonesho kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon. Wa kwanza alikuwa Corey Mitchell, mwalimu wa shule ya umma katika jiji la Charlotte. Mwaka 2018 alitunukiwa Melody Herzfeld wa Parkland, Florida, ambaye Februari ya mwaka huo, mtu mwenye bunduki alipovamia shule yao, aliwaficha wanafunzi 65 waliokuwa naye kwenye mazoezi ya mchezo wa kuigiza. Siwataji hawa ili tutamani fedha za wenzetu, kwa kuwa hata huko sanaa huwa miongoni mwa mambo ya mwanzo kukatwa bajeti inapobana. Ninawataja kwa sababu kuna mahali ambapo mwalimu wa maigizo anaitwa mwalimu wa maigizo, jina lake lipo katika ratiba, na wanafunzi wanajua wamkute chumba gani.

Najua jibu litakalotolewa na maofisa wengi, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi: mikoa ya kusini imehangaika na matokeo ya mitihani kwa muda mrefu, na hakuna mkuu wa shule atakayekubali kupoteza vipindi viwili. Jibu hilo lina uzito, wala silipuuzi. Lakini tazama wanafunzi wetu wanashindwa wapi. Wanatoka shule ya msingi wakiwa wamefundishwa kwa Kiswahili, wanaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza, na kwa miaka minne wanakaa kimya darasani kwa kuogopa kuchekwa. Mtoto ambaye hajawahi kusema sentensi nzima ya Kiingereza kwa sauti hatakuja kuiandika vizuri. Katika igizo la Kiingereza la dakika ishirini, mtoto huyo husema sentensi zile zile mara hamsini, akisahihishwa, mbele ya wenzake ambao nao wanahangaika na zao, na hofu humtoka kabla hajatambua. Mwalimu wa Kiingereza angepata wapi mazoezi kama hayo katika darasa la wanafunzi sitini?

Aidha, suala hili haliwezi tena kuitwa la hiari ya shule. Mtaala ulioboreshwa, ambao ulianza kutekelezwa kwa kidato cha kwanza Januari 2024, umefungua mkondo wa jumla na mkondo wa amali, na sanaa imepewa nafasi humo. Shule ikitaka kufundisha sanaa za maonesho itahitaji mtu. Chuo cha Ualimu Butimba kinachojulikana kwa sanaa kipo Mwanza, pembe nyingine kabisa ya nchi. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, iliyoanza kama chuo mwaka 1981, ipo kaskazini ya Dar es Salaam. Mwalimu wa Nanyumbu au Liwale hawezi kwenda huko kwa nauli yake. Hapa Mtwara vipo vyuo vya ualimu vyenye mabweni, kumbi na likizo ndefu, na mafunzo ya majuma mawili wakati wa likizo ya Juni, kwa kumwalika mkufunzi mmoja au wawili kutoka Bagamoyo na fundi mmoja wa mapiko kutoka Newala, yangegharimu kidogo kuliko gharama ya semina nyingi tunazozisikia zikifanyika hotelini.

Kalenda nayo ipangwe kwa kuangalia mkoa wenyewe ulivyo. Kuanzia Oktoba watu wetu wako kwenye korosho, watoto wakiwamo, tupende tusipende, na Novemba ni mitihani ya taifa. Kwa hiyo mwaka wa maigizo uanze Februari, kwa kuchagua mchezo na kugawa nafasi, masika ikiwa inanyesha na mazoezi yakifanyika kwa kusoma na kuzungumza tu, maana chini ya bati wakati wa mvua hakuna anayemsikia mwenzake hata akipiga mayowe. Mei na Juni yafanyike mazoezi ya jukwaani uwanjani, na mwishoni mwa Julai au Agosti, ukavu ukiwa umetulia na wazazi hawajabanwa na mavuno ya korosho, shule ioneshe mchezo wake mchana, wazazi wakiwa wamekaa kwenye viti vya madarasani. Taa za jukwaani hazihitajiki. Maleba yatatoka kabatini kwa akina mama, kama siku zote, ila safari hii yaandikwe kwenye daftari ili yarudishwe, kwa kuwa nusu ya ugomvi kati ya wazazi na walimu wa maigizo ninaoufahamu ulianzia kwenye kanga iliyopotea.

Ratiba za mwaka ujao hupangwa Desemba na kukamilishwa juma la kwanza la muhula. Ninawaomba maofisa elimu sekondari wa halmashauri za Mtwara na Lindi wachague kabla ya hapo shule mbili au tatu tu kwa kila halmashauri, waziandikie barua rasmi inayotaja vipindi viwili kwa wiki na walimu wawili kwa kila shule, na wamwelekeze mdhibiti ubora wa shule avikague vipindi hivyo kama anavyovikagua vingine, kwa kuingia, kuketi nyuma na kutazama kinachofundishwa. Bodi za shule zenye wazazi kama mimi ziulize swali hilo katika kikao cha kwanza cha mwaka, na jibu liandikwe katika muhtasari.

Wako mtiifu,

Mwalimu mstaafu wa Kiswahili,
Mikindani, Mtwara